Shajara ya Mradi: Mtetemo wa Premio Kwenye Mwendo wa Kilomita 100

Kilomita 168,240, Jumamosi

Nimeamua kuandika kila hatua ya kazi hii kuanzia leo, kwa sababu tangu Desemba nimekuwa nikilitibu gari kwa kukisia, na kila kisio limenigharimu fedha bila kuleta nafuu. Gari ni Toyota Premio ya mwaka 2004, injini ya lita 1.8, linavutwa na magurudumu ya mbele, lina rimu za aloi za inchi 15 ambazo si za kiwandani, na tairi zake ni za kipimo cha 195/65R15. Ukiliendesha mjini Morogoro huwezi kujua kwamba lina tatizo lolote. Ukitoka Nanenane ukashika barabara ya Chalinze, mwendo ukikaribia kilomita 90 kwa saa usukani unaanza kutetemeka mikononi, ukifika 100 mtetemo unahamia pia sakafuni na kwenye kiti, na ukivuka 110 unapungua tena kana kwamba hakukuwa na kitu.

Mama yangu nampeleka kliniki Dar es Salaam kila mwezi, safari ya kilomita zipatazo 190. Safari iliyopita, tuliposimama Mlandizi, alishindwa kushuka garini mpaka miguu yake iliyokufa ganzi iliporudi katika hali yake. "Mwanangu, hili gari linanisaga," aliniambia. Sikuwa na jibu la kumpa.

Gereji moja niliyokwenda Januari iliniandikia orodha ya shokapu nne, mauntingi mbili za injini, bushi za kontroli ami na draivshafti moja (fimbo inayopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu), jumla ikazidi shilingi 900,000, na katika vitu vyote hivyo hakuna hata kimoja kilichopimwa. Sitanunua kipuri chochote kabla ya kipimo kukitaja. Masharti niliyojiwekea ni kubadili jambo moja tu kati ya safari na safari, kupima katika kipande kile kile cha barabara kati ya Mikese na Bwawani, nje ya vijiji vyenye vibao vya 50, alfajiri kabla malori hayajawa mengi, upepo wa tairi zote ukiwa 32, na kutovuka kilomita 110 kwa saa.

Kilomita 168,312, Jumapili

Safari ya kwanza ya kupima. Mdogo wangu alikaa kushoto akiwa na daftari, na simu niliifunga kwa utepe kwenye reli ya kiti changu, ikiwa na programu inayosoma mtetemo na kuonyesha unajirudia mara ngapi kwa sekunde. Simu ya pili ilituonyesha mwendo halisi kwa setilaiti, na ni vizuri tulikuwa nayo, kwa kuwa kipima mwendo cha gari kilisoma 104 wakati mwendo wa kweli ulikuwa 100. Kila namba ninayoiandika humu ni ya setilaiti.

Kabla ya kuondoka nilichora mstari wa chaki kwenye tairi ya mbele na mwingine kwenye sakafu ya saruji chini yake, tukalisukuma gari taratibu hadi mstari wa tairi urudi chini, kisha tukapima kwa utepe wa kupimia: mita 1.94. Huo ndio umbali ambao gurudumu linakwenda kwa mzunguko mmoja likiwa limebeba gari. Kilomita 100 kwa saa ni mita 27.8 kwa sekunde, kwa hiyo kwa mwendo huo kila gurudumu linazunguka mara 14.3 kwa sekunde. Injini, kwa mwendo huo huo, ilikuwa ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, yaani karibu mara 42 kwa sekunde. Tofauti kati ya 14 na 42 ni kubwa mno kwa mtu kuchanganya, na ndiyo maana nilitaka namba badala ya hisia za mikono.

Mchoro wa programu ulionyesha kilele kirefu kwenye mara 14.2 kwa sekunde, chenye ukubwa wa 0.62 kwa kipimo cha programu hiyo. Tulipopunguza hadi 90, kilele kilishuka hadi 12.9, ambayo ndiyo hesabu ya gurudumu kwa mwendo huo. Mtetemo unaopanda na kushuka sawasawa na mzunguko wa gurudumu unatoka kwenye kitu kinachozunguka pamoja na gurudumu: tairi, rimu, habu (chuma ambacho gurudumu hufungwa juu yake), diski ya breki au draivshafti.

Tukapunguza orodha. Kwenye 100 niliiweka gia kwenye N na kuliacha gari lisereke, mtetemo haukubadilika. Jointi ya ndani ya draivshafti iliyochakaa hulalamika zaidi inapovuta mzigo, kwa hiyo niliisogeza mwisho wa orodha ingawa sikuifuta. Nikagusa breki kidogo. Usukani haukuongeza wala kupunguza kitu, na diski iliyopinda isingenyamaza hapo. Mwishoni, gari likiwa limesimama, nilipandisha injini hadi 2,500 na maji ya chupa iliyokuwa juu ya dashibodi yakabaki kimya. Mauntingi za injini zimetoka kwenye orodha.

Kuna jambo dogo aliloliona mdogo wangu, nami nusura nilipuuze. "Dada, kuna kingine hapa," alisema, akionyesha kilele kifupi karibu na 28.5, mara mbili kamili ya kile kikubwa. Nimemwambia akiandike.

Kilomita 168,330, Jumanne

Nilipandisha jeki upande mmoja baada ya mwingine, gari likiwa juu ya vigingi vya chuma, nikashika kila gurudumu juu na chini kisha kulia na kushoto na kulitikisa kwa nguvu zangu zote. Beringi hazichezi, boljointi hazichezi, na tairodi zote mbili ni nzima. Shokapu hazina alama ya mafuta. Nimeziandika kwa sababu ndizo nilizotakiwa kuzibadili.

Ndani ya rimu za nyuma nilikuta udongo mwekundu uliokauka, mabaki ya mvua na barabara ya kijijini, ukiwa umeganda upande mmoja tu. Niliukwangua kwa bisibisi, nikaupima jikoni kwa mizani ya unga: gramu 70 kwenye rimu ya kulia na gramu 40 kwenye ya kushoto. Gramu hizo zinaonekana hazina maana mpaka uzifanyie hesabu. Gramu 30 tu zikikaa ukingoni mwa rimu ya inchi 15, kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa zinalivuta gurudumu kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo nne na nusu hivi, na mvuto huo unazunguka pande zote mara 14 kila sekunde. Ekseli na gurudumu pamoja na springi yake vina kasi yao ya asili ya kurukaruka, ambayo kwa magari mengi madogo iko kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde, ndipo unapoelewa kwa nini mtetemo huja kwenye 90 hadi 105 na kutoweka baada ya hapo.

Kilomita 168,398, Jumamosi

Magurudumu yote yameoshwa ndani na nje, kisha nimeyapeleka kubalansi, yaani kusawazisha uzito wake kwa vipande vidogo vya risasi, shilingi 5,000 kila moja. Nilimwomba fundi kitu kimoja kisicho cha kawaida: gurudumu la kwanza lilipofika sifuri, alifungue kwenye mashine, aligeuze nusu mzunguko na kulifunga tena bila kuongeza wala kuondoa risasi yoyote. Mashine ilisoma gramu 25. "Mwalimu, hii haiwezekani, sasa hivi ilikuwa sifuri," alisema, akaanza kuitazama mashine badala ya gurudumu. Koni inayoshika tundu la katikati la rimu ilikuwa na gamba la grisi na vumbi. Aliisafisha kwa petroli, na tulipogeuza tena tofauti ilibaki gramu 5. Aliyarudia yote manne bila kunidai nyongeza, nami namheshimu kwa hilo.

Kipimo cha barabarani: kilele cha 14.2 kimeshuka kutoka 0.62 hadi 0.48. Kile cha 28.5 hakijabadilika hata kidogo.

Nafuu ni ndogo kuliko nilivyotarajia, na nilikaa muda mrefu na karatasi hizi mbili jioni. Uzito usiolingana hutoa vuta moja kwa kila mzunguko, basi. Kitu kinachogonga mara mbili au zaidi kwa mzunguko mmoja kina tatizo la umbo, na mashine ya kubalansi haipimi umbo. Tairi yenye nundu inaweza kusoma sifuri pale, kwa sababu mashine inaizungusha hewani bila kuikandamiza barabarani.

Kilomita 168,470, Jumapili

Nilihamisha magurudumu ya mbele kwenda nyuma na ya nyuma kwenda mbele, kila moja likibaki upande wake. Usukani umetulia kiasi na kiti kimezidi. Tatizo linasafiri na magurudumu, kwa hiyo habu, diski na draivshafti, ambazo hazikuguswa, zimepungua uzito katika kesi hii. Hata hivyo usukani haukutulia kabisa, maana yake ni kwamba si gurudumu moja tu.

Ugunduzi mkubwa wa leo haukutoka kwenye simu. Nilikuwa nafunga spea mbele kushoto ili nijaribu kutoa gurudumu moja moja. Spea ni rimu ya chuma ya Toyota yenyewe. Nilipoielekeza kwenye habu ilikataa kuingia, nikaisukuma kwa goti, ikaingia kwa kubana na kukaa pale pale hata kabla sijashika nati ya kwanza. Nikasimama na nati mkononi. Rimu za aloi hazijawahi kufanya hivyo; nilizoea kuzishikilia kwa mguu mmoja huku natafuta tundu la stadi. Nilirudisha ya aloi, nikaiachia ining'inie kwenye stadi, nikaishika ukingoni na kuinyanyua: ilipanda na kushuka kwa kiasi ambacho jicho linaona.

Venia ya shuleni kwetu, kifaa cha kupimia vipenyo, ilimaliza ubishi. Kitovu cha habu kina kipenyo cha milimita 54.1, na tundu la katikati la rimu za aloi lina 73.1. Rimu za namna hii hutengenezwa zikiwa na tundu kubwa ili zivae magari mengi, na muuzaji hutakiwa kutoa ringi inayojaza nafasi iliyobaki. Kwenye habu ya nyuma kulia nilikuta nusu ya ringi ya plastiki nyeupe, imepasuka na kugeuka rangi ya kahawia. Nyingine tatu hazipo. Gari nililinunua likiwa na rimu hizi, na nadhani ringi zilidondoka moja moja kila tairi ilipofunguliwa kwa ajili ya pancha, bila mtu kujua kinachodondoka ni nini.

Hapo ndipo ilipoeleweka kwa nini balansi haikusaidia sana. Mashine hulishika gurudumu kwa tundu la katikati, lakini gari langu limekuwa likilishika kwa nati tano peke yake, na nati zikikazwa kwa bunduki ya upepo gari likiwa chini, gurudumu hukaa pale lilipolalia. Gurudumu la kilo 16 likikaa nje ya kitovu kwa nusu milimita ni sawa na kubandika gramu 42 ukingoni mwa rimu, na hakuna risasi ya balansi inayoweza kulirekebisha hilo, kwa sababu kila unapofungua na kufunga linahamia pengine.

Kilomita 168,488, Jumatano

Fundi wa kukereza vyuma amenitengenezea ringi nne za aluminiamu, shilingi 15,000 kila moja, nje 73.0 na ndani 54.2. Ameniazima pia geji ya mshale yenye kishikio cha sumaku, inayosoma sehemu ya mia ya milimita. Nilisugua kutu usoni mwa kila habu kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, kisha nikapima: habu ya mbele kushoto inayumba kwa milimita 0.03, ya kulia 0.02, na diski zote mbili ziko chini ya 0.05, ambacho ndicho kikomo kinachotumika kwa kawaida kwenye magari ya Toyota ya aina hii. Sehemu hizo zimetoka kwenye orodha kwa heshima zote.

Ringi niliipaka grisi kidogo na kuisukuma kwenye kitovu kwa kidole gumba. Gurudumu la aloi likaingia juu yake kwa mlio mfupi wa kubana, sawasawa na ile spea. Nati nilizikaza kwa mkono gurudumu likiwa hewani, kwa mpangilio wa nyota, nikashusha gari na kumalizia kwa spana yenye kipimo, nyutoni mita 103.

Kilomita 168,560, Jumamosi

Kilele cha 14.2 sasa ni 0.21. Usukani kwenye 100 naushika kwa vidole viwili bila wasiwasi. Mdogo wangu alikuwa ameanza kushangilia tulipofika Bwawani, lakini kiti bado kina mnguruno, na kile kilele kifupi cha 28.5 kimekaa pale pale tangu siku ya kwanza. Nilipomwomba akae kiti cha nyuma wakati wa kurudi, alihama kutoka kulia kwenda kushoto mara tatu, kisha akasema ni kushoto.

Kilomita 168,578, Jumapili

Nilinyanyua nyuma kushoto. Niliweka tofali chini, juu yake kipande cha mbao chenye msumari uliolazwa, ncha yake ikielekea katikati ya kashata za tairi (mpira unaokanyaga barabara), nikausogeza mpaka ubaki karibu kugusa. Kisha nikazungusha gurudumu polepole kwa mkono. Kwa sehemu kubwa ya mzunguko nafasi kati ya msumari na mpira ilikuwa ile ile, ikionekana kama uzi wa mwanga. Halafu mwanga ukafungwa, msumari ukakwaruza mpira kwa upana wa kama kiganja changu, ukaachia, na kabla mzunguko haujaisha ukagusa tena, kwa wepesi zaidi, upande wa pili. Nilirudia mara nne, na kila mara ilikuwa ni mahali pale pale. Kwa fila geji, bapa nyembamba za kupimia nafasi, nilipata tofauti ya milimita 2.6 kati ya sehemu ya juu na ya chini kabisa. Mwongozo wa Toyota unataka isizidi 1.4.

Ili nisimsingizie mpira kosa la chuma, nilihamishia msumari kwenye mdomo wa rimu: 0.4. Rimu ni nzima. Nilipitisha kiganja juu ya kashata nikiwa nimefumba macho, na hapo palipokwaruzwa pana uvimbe mpana, laini, usioonekana kwa macho gurudumu likiwa limesimama. Ubavuni, namba nne za tarehe ya kutengenezwa ni 1417, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2017. Tairi hii niliinunua mtumba, na kashata zake bado ni ndefu, ndiyo maana hakuna aliyeitilia shaka, mimi nikiwa wa kwanza. Nilitazama urefu wa kashata, umri sikuutazama.

Uvimbe wa namna hiyo kwenye kashata ni dalili kwamba mikanda ya chuma ndani ya tairi inaachana na mpira, na tairi ya hivyo inaweza kuchanika yote kwa mara moja ikiwa kwenye mwendo. Nimefikiria safari zote ambazo mama alisafiri na tairi hiyo hiyo, na usiku huu sikupata usingizi mapema. Gari halitoki nyumbani mpaka tairi ibadilishwe. Nyuma kulia nimepima 1.1, lakini ni ya mwaka huo huo, nayo itaondoka.

Kilomita 168,581, Alhamisi

Tairi mbili mpya zimefungwa nyuma, zote zina tarehe isiyozidi miezi sita. Muuzaji alitaka niziweke mbele kwa kuwa ndiko kunakovuta. Nimezipeleka nyuma kwa makusudi, kwa sababu gari la kuvutwa mbele likikosa mshiko nyuma kwenye lami yenye maji linajizungusha kabla dereva hajafanya lolote. Kabla ya kulipa niliomba kila moja izungushwe mbele ya msumari wangu: 0.6 na 0.8. Balansi imefanyika kwa koni safi, na gurudumu limegeuzwa nusu mzunguko kuthibitisha.

Tairi mbovu sikukubali kuiacha dukani, kwa kuwa kesho ingekuwa imeuzwa kwa mwingine. Nimeikata mwenyewe kwa msumeno wa chuma, nikapita katikati ya uvimbe. Mpira wa nje ulifunguka kama ganda la mkate lililoachana na mkate wenyewe, na chini yake nyuzi za mkanda zilikuwa zimejaa kutu ya rangi ya chungwa kwa urefu wa sentimita 19. Sehemu nyingine zote nyuzi zinang'aa na zimeshikana na mpira kiasi kwamba kisu hakipiti. Kipande hicho nimekitundika ukutani kwenye banda la gari.

Kilomita 168,654, Jumamosi

Mikese hadi Bwawani na kurudi, upepo 32, mdogo wangu kushoto na daftari lake. Kwenye 90: 0.05. Kwenye 100: 0.06. Kwenye 110: 0.05. Kilele cha 28.5 hakionekani tena. Kuna mstari mwembamba kwenye 42, ule wa injini, ambao ulikuwepo siku zote ukiwa umefunikwa na makelele ya magurudumu. Hausikiki kwenye kiti wala mikononi, lakini nimeuandika ili nikiuona umekua siku moja nijue ulianzia wapi.

Jumla ya matumizi, ukiacha petroli: balansi 30,000 kwa mara mbili, ringi 60,000, tairi mbili 340,000. Nati zote 20 nimezirudia kwa spana baada ya safari ya leo. Moja, ya mbele kulia, ilisogea kidogo kabla ya kufika 103. Nitaipima tena Jumatatu, kwa kuwa Jumanne ndiyo siku ya kliniki ya mama.